Helmeti Juu ya Kiti

9 Februari

Kwa mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu umenifungia, na mama amekataa kunibebea maneno. Anasema yeye si posta. Nimempa kondakta wa basi bahasha hii na kumwambia asiondoke gerejini mpaka aone umeipokea kwa mkono wako, maana nakujua, utasema haikufika.

Nimesikia umempandisha Kimya kwenye pikipiki. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa na hajawahi kugombana hata na kuku. Kazi yake hapo ilikuwa kuosha vipuri kwa petroli na kukusikiliza ukifoka. Ghafla naambiwa atashindana msimu huu, tena daraja lilelile la pikipiki za dukani ninaloshindana mimi. Mjomba, mimi si mtoto. Nimekuacha, umekasirika, ukatafuta fimbo ya kunichapia. Na fimbo uliyoiona karibu ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Unajua kilichoko mbele yangu. Atakayemaliza msimu akiwa juu anapelekwa nje, daraja la juu, kwenye mbio ambazo wewe na mimi tulikuwa tunazitazama kwenye ile televisheni yako yenye mistari. Timu yangu mpya ina mafundi wanne na bosi asiyejua kutabasamu. Mkataba wangu ni wa msimu mmoja tu. Nisiposhinda, narudi kupeleka vifurushi vya watu mjini.

Mshushe Kimya. Ukitaka kunipiga, nipige mwenyewe.

Mpwa wako,
Cheche

17 Februari

Cheche,

Marahaba. Kondakta wako alisimama mlangoni kama mdai. Nimeipokea ili asizibe njia ya wateja.

Eti umeniacha. Mtu anayeachwa huambiwa. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya jukwaa, grisi mpaka kwenye viwiko, nimeishikilia pikipiki isianguke huku wewe unapigwa picha na kombe. Ukapewa kipaza sauti. Nikasema moyoni, sasa atanitaja. Ukatangaza kwamba umesajiliwa na timu kubwa. Habari hiyo niliipata pamoja na wauza maji. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, ningefanyaje? Asante ya punda ni mateke, hilo nililijua tangu zamani. Sikujua kama punda naye hupewa kipaza sauti.

Kuhusu Kimya, sikumpandisha mimi. Alikuja asubuhi moja akaniambia, "Mjomba, ile pikipiki inakaa bure." Maneno matano kwa mkupuo, mtoto ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa. Nikampa ufunguo.

Na usinitishe na bosi asiyetabasamu. Siku hizi hata mimi sitabasamu.

Fundi wa gereji uliyoikimbia

22 Aprili

Kwa fundi wa gereji niliyoikimbia,

Shikamoo. Umeona kwa macho yako. Mimi wa kwanza, Kimya wa tano.

Pikipiki zetu ni aina moja, zimetoka duka moja. Sheria ni moja: toa taa na vioo, badili matairi na breki, lakini injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo tusidanganyane. Pikipiki zikiwa sawa, tofauti ni mtu. Na mtu ni mimi.

Nilikuona ulivyogeuza uso nilipopita kwenye mstari. Umri huo, mjomba, na bado unanuna kama mtoto aliyenyimwa pipi. Kimya alikuja kunipa mkono wa pongezi. Wewe ulikuwa unafunga kamba nyuma ya gari, kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Cheche

2 Mei

Cheche,

Wa tano katika mbio yake ya kwanza. Wewe mbio yako ya kwanza ulimalizia kwenye majani, na mimi ndiye niliyekutoa mchanga masikioni kwa njiti ya kiberiti huku mama yako ananitukana. Ukipenda kumcheka mtu, anza na huyo.

Kamba ilikuwa imelegea.

Fundi

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zimeishia hapo.

Mbio mbili mfululizo Kimya amenipita mahali pamoja, kwenye ule mnyooko baada ya kona ya mwisho. Nimejilaza juu ya tangi mpaka kidevu kinaungua, nimevuta mafuta mpaka mwisho wa mkono, na mdogo wangu ananipita kama nimesimama kununua vocha. Sasa ana pointi sawa na mimi, na mbio zilizobaki ni mbili.

Bosi ameniita ofisini. Ofisi yake haina kiti cha mgeni, unasimama. Ameniuliza inakuwaje gereji ya uchochoroni, yenye fundi mmoja na redio mbovu, inaipiga timu yake. Habari ya redio nilimpa mimi mwenyewe, siku za mwanzo, nilipotaka acheke. Akaniambia kama msimu utaisha nikiwa wa pili, nisisumbuke hata kuja kuaga. Hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kukitaka, mjomba, na kinanitoka mkononi nikikiona.

Nakuuliza mara moja. Umegusa nini ndani ya ile injini? Wakaguzi wanapima uzito na kuangalia mihuri ya nje, hawafungui. Lakini mimi nimekulia miguuni pako. Nilikuona ukiisugua pistoni ya mteja mpaka ikang'aa kama sahani ya harusi, ukasema wenye sheria hawajui wanachokosa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiacha injini ikae kama ilivyo, mikono itamwasha.

Kama umemweka mdogo wangu juu ya udanganyifu, utamharibia maisha pamoja na yangu.

Cheche

27 Juni

Cheche,

Umeniita mwizi kwa mwandiko mzuri. Mwandiko huo ulijifunzia juu ya meza yangu ya spana, lakini tuache.

Pistoni ile ilikuwa ya mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Mali yake, ruhusa yake. Kwenye mbio sijagusa kitu kisichoguswa tangu nianze kazi hii, na wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Wageni hawajaniuliza. Wapinzani hawajaniuliza. Ameniuliza mtoto wa dada yangu.

Sasa nikuambie. Sheria ipo na unaijua. Mshindani asiyeiamini pikipiki ya mshindi aende akaweke helmeti yake juu ya kiti cha pikipiki hiyo kabla haijatolewa uwanjani. Anailipia bei ya dukani na kuichukua, na anayekataa kuuza anafutiwa msimu wake wote. Waliiweka ili tajiri asije akajenga injini ya dhahabu akaiita ya dukani. Miaka yote hii sijaona mtu aliyethubutu. Hata waliogombana hadi kurushiana spana hawakuweka. Ni sawa na kuingia jikoni kwa jirani na kufunua sufuria yake inayochemka.

Wewe una mdomo, na helmeti unayo. Kama kweli unaamini unachokisema, weka. Kama huwezi, funga mdomo na uendeshe.

Fundi

31 Julai

Wewe,

Umeweka.

Niliiona ile helmeti nyekundu pale kwenye kiti nikadhani ni ya Kimya. Nikamwambia, "Ondoa kofia yako, tupakie tuondoke." Akanitazama, akanionyesha ya kwake iko mkononi. Hapo ndipo nilipogeuka nikakuona umesimama, mikono mfukoni, na bosi wako nyuma yako.

Kijana alikuwa ametoka kushinda. Jasho halijakauka. Akainama, akabandua namba yake kutoka mbele ya pikipiki, taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mwenzake. Akaikunja akaiweka mfukoni. Akakupa ufunguo na kukuambia, "Gia ya pili ni ngumu kidogo asubuhi." Basi. Nyumbani alirudi na glavu zake mkononi, na mimi niliendesha gari tupu nyuma likigonga kila tuta.

Ndiyo, nilikuambia uweke. Mtu husema mambo akiwa na hasira. Mwenye akili timamu huyapima.

Duka linasema pikipiki nyingine aina ile itafika mwakani. Mbio ya mwisho ni mwezi wa kumi. Kwa hiyo umemtoa nje mdogo wako akiwa juu yako kwa pointi. Hongera. Mwite mama yako umweleze, maana mimi ameniuliza nikashindwa pa kuanzia.

Usinipe shikamoo tena. Sitaitikia.

Fundi

9 Agosti

Mjomba,

Tumeifungua.

Nilitaka kuifungua peke yangu, bosi akakataa. Alitaka aone, na mafundi wote wanne waone, ili apeleke malalamiko kwa waandaaji. Tuliitandaza juu ya meza ya chuma, kipande kwa kipande, na kila kipande kikapimwa mara mbili. Pistoni ya dukani. Vali za dukani. Gasketi bado ina alama ya kiwanda. Hujagusa kitu. Ulichofanya ni kubadilisha oili, kusafisha chujio la hewa na kukaza kila bolti inavyotakiwa kukazwa. Mmoja wa mafundi alisema injini hii haijui hata kama imekuwa kwenye mbio.

Ni heri ungekuwa mwizi, mjomba. Ningejua la kufanya. Ningekuchukia kwa raha zangu, nikalala. Sasa nina pikipiki ya dukani mbele yangu, na nyingine ya dukani ninayoendesha mimi, na kati yao hakuna kitu isipokuwa Kimya na mimi. Nakasirika mpaka meno yananiuma. Nimekukasirikia wewe zaidi, sijui kwa nini, labda kwa sababu uko mbali.

Bosi alikuwa amekaa juu ya tairi muda wote. Tulipomaliza akauliza, "Kwa hiyo kijana alikupita kwa pikipiki kama yako?" Nikaanza kukusanya bolti. Akauliza tena, "Ana miaka mingapi?" Nikamwambia. Akaondoka bila kuaga, kama kawaida yake.

Nimeifunga yote upya mwenyewe. Ni mali yangu, timu haina mkono hapo. Njoo uichukue kabla ya mbio ya mwisho, Kimya aiendeshe. Sikuombi msamaha. Nataka anipige uwanjani au nimpige, mbele ya watu, tuone.

Cheche

15 Agosti

Cheche,

Kilichouzwa kimeuzwa.

Sikanyagi geti la watu wale. Niingie pale nikiwa nimeinamisha kichwa, mafundi wanne wananitazama, nipokee kwa mkono wa bosi wako pikipiki ambayo wameipekua kama mzigo wa mhamiaji? Halafu niseme ahsante? Maji yakimwagika hayazoleki. Kaa nayo. Iangalie kila siku asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Kimya atapumzika msimu huu. Bado kijana.

Na hiyo hasira ya meno, iendeleze. Ilikuwa imechelewa.

Fundi

30 Agosti

Kwa mjomba na dada,

Shikamoo mjomba. Shikamoo dada. Nimeandika barua moja na kuinakili, kila mmoja apate yake, kwa sababu siwezi kusema mambo haya mara mbili.

Mjomba, barua ya dada uliiacha wazi juu ya meza, chini ya kikombe. Niliisoma. Pikipiki ilikuwa inarudi na wewe ukasema haihitajiki. Ukasema nitapumzika. Sikuwa nimechoka.

Dada, ulisema nilikupita kwa injini. Sasa unajua sivyo. Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu hukuniuliza. Wewe unaingia kona ya mwisho kama unakwenda kumpiga mtu. Unachelewa kufunga breki, unaingia na nguvu zote, pikipiki inayumba, unasubiri itulie ndipo uvute mafuta. Mimi naingia polepole. Nikifika katikati nimeshatulia, navuta mafuta wewe bado unapigana nayo. Kwenye mnyooko unaniona nakupita, lakini nilikuwa nimekupita tangu kwenye kona. Mjomba alikuona ukifanya hivyo miaka yote na hakukuambia, alikuwa anapenda kutazama.

Msimu mzima mmekuwa mnarushiana, na kitu mlichorushiana ni mimi. Dada alisema niteremshwe. Mjomba alisema nipumzishwe. Kila mtu ananisemea vizuri, na hakuna aliyeniuliza kama napenda. Napenda. Napenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nilidhani mmeona.

Bosi wa dada amenipigia simu. Amesema kama injini ile ni ya dukani, basi alikuwa anamwangalia mtu asiye sahihi. Mbio ya mwisho nitaendesha mimi kwa timu yake, kwa kiti cha dada. Nimekubali. Sikuomba ruhusa kwa sababu nilijua kila mmoja atanipa jibu la kumuumiza mwenzake. Lakini nimewaambia kabla ya kutangazwa, ili msisikie uwanjani.

Dada, amesema nikushukuru. Anasema bila wewe kuweka ile helmeti asingejua. Nimefikisha, lakini maneno hayo si yangu.

Mama anawasalimu. Anasema hajui amezaa watu gani, na amezaliwa tumbo moja na mtu gani.

Kimya

12 Oktoba

Cheche,

Kimya ameshinda na anakwenda nje. Hilo unalijua, ulikuwepo.

Nilidhani siku wale watu watakapokutoa nitacheka. Siku niliyosikia umekusanya vitu vyako kwenye mfuko wa plastiki na kutoka kwa miguu, nilizima redio, nikakaa juu ya kiti cha wateja, nikasubiri kicheko. Hakikuja. Kilichokuja ni uchungu, na nikaukasirikia huo uchungu, maana sikuuita.

Kwenye mbio ya mwisho nilikwenda kama mtazamaji, na tiketi. Nikasimama kwenye uzio, kona ya mwisho. Kimya akaja amevaa rangi za wale watu, ameinama, ametulia, hata mabega hayachezi. Sijawahi kuona kona ikichukuliwa vizuri vile. Na nikajikuta nasema kimoyomoyo, anguka. Mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni kwenda zahanati alipokuwa na homa. Anguka. Nikauachia uzio kama umeniunguza. Nikatazama ng'ambo ili nisimtazame yeye, na ng'ambo ulikuwepo wewe, umeshika waya kwa mikono miwili, umekunja uso. Sijui ulikuwa unasema nini. Nadhani najua. Tumefanana, na sikulipenda hilo hata kidogo.

Alipovuka mstari nilipiga makofi. Kwa kweli, safari hii. Nilipiga mpaka mtu wa pembeni akaniuliza kama ni mwanangu.

Sasa sikiliza. Mimi sina mwendeshaji. Wewe huna fundi, na una pikipiki niliyoitunza mimi, ingawa sijui umeikaza vipi. Kujiandaa na msimu mpya, gereji inafunguliwa saa moja asubuhi. Kona ya mwisho utaianza upya, kama Kimya alivyosema, na nitakutukana kila ukiingia kwa fujo. Wale watu ukiwapiga, vizuri. Kimya usimtaje kama adui mbele yangu, nitakufukuza, na mimi ukinisikia namtaja hivyo, nitukane.

Ukija, unakuja kama mwendeshaji. Kama unakuja kumtafuta mjomba wako, usisumbuke. Yeye bado ana hasira.

Fundi

19 Oktoba

Fundi,

Pale kwenye waya nilikuwa nasema hilohilo. Mara mbili.

Naja Jumatatu na pikipiki. Nakuja kama mwendeshaji.

Mjomba nitamngoja.

Cheche